Maswali Manne Kilwa: Utangulizi wa Uhakiki wa Dodoso la Kuvuja Mkojo

Dodoso tutakalolitumia kama mfano lina maswali manne tu, na yote yanaenea katika ukurasa mmoja. Jina lake la kifupi ni ICIQ-UI SF. Lilichapishwa mwaka 2004 kutokana na kazi iliyoongozwa na watafiti wa Bristol, Uingereza, na tangu hapo limetafsiriwa katika lugha nyingi. Swali la kwanza linamuuliza mwanamke mkojo humvuja mara ngapi: haumvuji kabisa, mara moja kwa wiki au chini ya hapo, mara mbili tatu kwa wiki, mara moja kwa siku, mara kadhaa kwa siku, au wakati wote. La pili linauliza kiasi: hakuna, kidogo, cha wastani, kingi. La tatu linamtaka ataje namba kati ya 0 na 10 kuonyesha jinsi tatizo hilo linavyomvurugia maisha ya kila siku. La nne halina alama. Linauliza mkojo huvuja katika hali gani, kwa mfano akikohoa, akiwa usingizini au kabla hajafika chooni. Alama za maswali matatu ya kwanza hujumlishwa, na jumla yake huwa kati ya 0 na 21.

Ukilisoma utaona kwamba mtu yeyote anayejua vyema Kiingereza na Kiswahili angemaliza kulitafsiri kabla ya adhuhuri. Na kweli angemaliza. Fani ninayotaka kukukaribisha inaanza pale mtu huyo anapoweka kalamu chini.

Tuanze na maana ya kazi yenyewe. Kuhakiki dodoso ni kukusanya ushahidi kwamba jibu la mhojiwa lina maana ileile ambayo msomaji wa alama anadhani linayo. Isome sentensi hiyo mara ya pili, polepole, kwa sababu yote yatakayofuata yanaitegemea. Muuguzi wa Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, akiona alama 14 kwenye fomu, anaamini mambo kadhaa bila kuyatamka. Anaamini kwamba mama aliyejibu alilielewa swali kama lilivyokusudiwa. Anaamini kwamba hakuficha. Anaamini kwamba angeulizwa tena baada ya siku chache, hali yake ikiwa haijabadilika, alama yake ingekaribia 14. Na anaamini kwamba mwenye 14 ana shida kubwa kuliko mwenye 6. Kila moja ya imani hizi yaweza kuwa ya kweli, na kila moja yaweza kuwa si kweli. Mhakiki huzichukua moja moja na kuzitafutia ushahidi.

Ushahidi huo una mafungu mawili makubwa. La kwanza ni uthabiti, yaani kipimo kutoa jibu lilelile pale kitu kinachopimwa hakijabadilika. La pili ni uhalali, yaani kipimo kupima kile kinachodai kupima. Wanafunzi wengi huyachanganya haya, kwa hiyo chukua mfano wa mizani ya muuza samaki sokoni Kivinje. Changu yuleyule akiwekwa mara tano na mizani ikasoma kilo moja na nusu mara zote tano, mizani ni thabiti. Kama changu huyo ana kilo moja tu, mizani hiyo thabiti si halali. Kinyume chake hakiwezekani: mizani inayoyumba kila mara haiwezi kuwa halali, hata kama siku mojamoja itapatia.

Sasa tuangalie kinachopimwa. Tatizo letu huelezwa na wataalamu kuwa ni mkojo kutoka bila hiari ya mtu, kwa kadiri mwenyewe anavyolalamika. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Mlalamikaji mwenyewe ndiye chanzo cha habari, ndiyo maana dodoso lina uzito mkubwa hapa kuliko katika maradhi yanayoonekana kwa darubini. Kuna kuvuja kwa msukumo, pale mwanamke anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka au kuinua ndoo, kwa sababu misuli inayoshikilia kibofu na njia ya mkojo imelegea. Uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za kulegea huko. Kuna kuvuja kwa kubanwa, pale haja inapomjia ghafla na kwa nguvu, kibofu kikajikaza kabla hajafika chooni. Wengi wana vyote viwili. Tena kuna fistula, tundu kati ya kibofu na uke, ambalo katika nchi zetu mara nyingi hutokana na uchungu uliokwama kwa muda mrefu bila msaada wa upasuaji. Mwenye fistula huvujwa usiku na mchana. Huyu jibu lake la swali la kwanza ni "wakati wote", ambalo lina alama 5. Kiasi kingi kina alama 6. Na akitaja 10 katika swali la tatu, amefika kwenye dari la 21.

Huenda unajiuliza kwa nini tusiwapime akina mama kwa vyombo tukaachana na maswali. Vipimo vipo. Kimoja huitwa kipimo cha pedi: mama huvaa pedi iliyopimwa uzito, hunywa nusu lita ya maji, kisha hutembea, hupanda ngazi, hukohoa na kuinama kwa utaratibu uliowekwa, na baada ya saa moja pedi hupimwa tena. Ikiongezeka zaidi ya gramu moja huhesabiwa kuwa mkojo umevuja. Ni kipimo kizuri, na zahanati yenye mizani ndogo ya elektroniki inaweza kukifanya. Lakini katika joto la Lindi jasho nalo lina uzito, na saa moja ya zahanati haisemi lolote kuhusu mama aliyeacha kupanda basi la Nangurukuru kwenda Dar es Salaam kwa kuhofia kulowa mbele za watu. Hasara anayoipata maishani mwake hakuna mwingine anayeweza kuisema.

Hapo ndipo ulipo msingi wa fani hii, nami nitakaa hapo kwa muda kwa kuwa ndipo wengi hupita mbio. Kabla hujajua kama maswali yametafsiriwa vizuri, jiulize kama ni maswali yanayofaa. Huu huitwa uhalali wa maudhui: je, dodoso linagusa yale ambayo tatizo hili linamaanisha kwa watu wanaoulizwa? Swali la tatu linasema "maisha ya kila siku". Kwa mwanamke wa Kiislamu wa Kilwa, maisha ya kila siku yana sala tano, na mkojo ukitoka udhu umetenguka. Wanazuoni wa fiqhi wamelishughulikia jambo hili tangu zamani: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, mwenye udhuru wa kuvujwa mfululizo hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Lakini mwenye kuvujwa mara mbili tatu kwa wiki hana udhuru huo wa mfululizo. Yeye hukaa na wasiwasi, huchungulia nguo yake, hutawadha tena, na pengine huacha kwenda msikitini au kwenye maulidi. Alama zake katika swali la kwanza na la pili ni ndogo, na bado shida yake ni kubwa. Mtafiti asiyeijua sala ataiona namba 9 katika swali la tatu na kudhani mama huyu hakuelewa swali.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kusikiliza. Kaa na akina mama wachache, wa rika na maisha tofauti: aliyejifungua mara saba na ambaye hajazaa, mkulima wa korosho wa bara ya Lindi na mvuna mwani wa Songosongo. Waulize wanasemaje wao wenyewe kuhusu hali hii na inawazuia nini. Katika jopo la wataalamu watakaoyapitia maswali, weka daktari wa wanawake na mkunga, na umuweke kungwi pia. Katika mkoa wa Lindi mazungumzo ya mwanamke na mwili wake yana walimu wake, na walimu hao wanajua lipi husemwa wazi, lipi husemwa kwa fumbo na lipi halisemwi mbele ya msichana ambaye hajazaa.

Ndipo tafsiri ifuate, nayo ina utaratibu uliozoeleka. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake. Matoleo yao huwekwa pamoja na kupatanishwa. Mtu wa tatu ambaye hajaona dodoso la asili hulirudisha lile la Kiswahili katika lugha lilikotoka. Kisha kamati huangalia pale ambapo tafsiri iliyorudishwa haifanani na asili. Hatua hii ya kurudisha hupewa sifa kubwa kuliko inavyostahili. Mtafsiri hodari anaweza kurudisha sentensi mbovu ya Kiswahili kuwa sentensi nzuri ya Kiingereza kwa sababu amekisia ilichotaka kusema. Mama wa Kivinje halazimiki kukisia, naye ndiye hakimu.

Hakimu huyo husikilizwa kwa njia iitwayo usaili wa kiutambuzi. Usiogopeshwe na jina. Maana yake ni kumsomea mtu swali, kupokea jibu lake, kisha kumwomba akueleze amelielewaje na amelipataje jibu. Unaanza kwa heshima zote: "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Unamsomea swali la kwanza, anajibu "mara moja kwa siku". Unamwambia, "Bibi, hebu nielezee, umehesabu vipi hapo?" Na hapo ndipo utakapojifunza mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Nitakutajia machache ya kutegea sikio. Watafsiri wengi huandika "kutokwa na mkojo bila kujijua". Mwanamke anayevujwa akikohoa anajijua vizuri sana. Kinachomshinda ni kuzuia. Akiulizwa kwa maneno hayo atajibu kwamba hana tatizo, na atakuwa amesema kweli. "Bila hiari" au "kushindwa kuzuia" hufika karibu zaidi. Jambo la pili ni swali la kukanusha. Ukimuuliza mtu, "Hujawahi kuvujwa?" naye akajibu "Ndiyo", huenda anakubaliana nawe kwamba hajawahi, huku karani aliyefunzwa kwa fomu za kigeni akiweka alama ya kuwa amewahi. Swali la kukanusha liondoe kabisa.

Jambo la tatu ni la baharini. Swali la pili linauliza kiasi. Lakini mwanamke anayefunga kamba za mwani akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni, kanga imelowa tangu asubuhi, atajuaje kilichovuja ni kidogo au kingi? Huenda akakujibu kwa kukumbuka usiku tu, au siku asizoingia majini, na mwenzake wa bara akajibu kwa siku zote. Namba zao zitakaa katika safu moja ya jedwali kana kwamba zinasema jambo moja. Dawa yake si ngumu, mradi uwe umeligundua mapema: wahoji wote hufunzwa kutoa maelezo mafupi ya namna moja pale mhojiwa anapokwama.

La nne ni ile namba ya 0 hadi 10. Kwa aliyesoma, mstari wenye namba ni kitu cha kawaida. Kwa bibi ambaye hakwenda shule, mstari huo ni mchoro tu. Unaweza kumpangia korosho kumi juu ya mkeka na kumwomba asogeze kiasi kinacholingana na usumbufu anaoupata. Asiposogeza hata moja ni sifuri. Ila kumbuka kwamba hapo umebadilisha chombo. Dodoso la Bristol liliundwa ili mtu alijaze mwenyewe kwa kalamu, faraghani. Wewe unalisoma kwa sauti, uani, na jirani anatwanga upande wa pili wa ua. Hilo halikatazwi, lakini ni lazima liandikwe wazi katika ripoti na uhakiki ufanywe kwa namna hiyohiyo dodoso litakavyotumika. Na mhoji awe mwanamke, kwa sababu ambazo sidhani kama nahitaji kuzieleza.

Baada ya haya ndipo hesabu zinapoingia, na msomaji asiyependa hesabu asikimbie, kwani mawazo yenyewe ni mepesi. Hesabu ya kwanza utakayokutana nayo ni alfa ya Cronbach, iliyopewa jina la Lee Cronbach aliyeandika kuihusu mwaka 1951. Inaonyesha kama maswali ya dodoso yanakwenda pamoja: mwenye alama kubwa katika swali moja, je, huwa nayo kubwa katika mengine? Ikikaribia 1, yanakwenda pamoja sana, na 0.7 hutajwa mara nyingi kama kiwango cha kuridhisha. Nakuomba usiipe heshima kupita kiasi. Maswali yetu yenye alama ni matatu tu, na alfa huwa ndogo maswali yanapokuwa machache. Tena inaweza kuwa kubwa kwa sababu tu maswali yote yanarudia jambo lilelile. Nimesoma ripoti nyingi ambazo uhakiki wake wote ni alfa na sentensi mbili za pongezi. Akina mama walioyaelewa vibaya maswali yote matatu kwa namna ileile wanaweza kuipandisha alfa vizuri tu.

Ya pili ni ya kurudia. Unamhoji mama leo, unamhoji tena baadaye, unalinganisha. Kwa majibu ya makundi hutumika kapa ya Cohen, kipimo cha mwaka 1960 kinachopunguza makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Kwa jumla ya alama hutumika kizigeu cha uwiano kinachosema ni sehemu gani ya tofauti za alama inatokana na tofauti za kweli kati ya watu, wala si kuyumba kwa kipimo. Swali gumu ni urudi baada ya muda gani. Ukirudi kesho, atakumbuka alichosema. Ukirudi baada ya miezi mitatu, hali itakuwa imebadilika. Vitabu vingi hupendekeza wiki moja hadi mbili.

Kwa pwani ya Kilwa, kati ya wiki moja na wiki mbili kuna tofauti kubwa, na jambo hili sharti lifikiriwe kwa macho ya hapa. Kazi ya wanawake wengi wa Songosongo na vijiji vya ufukweni hufuata bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka sana, miamba hutokea, na akina mama huenda kuokota pweza na kuhudumia mwani: kuinama, kuvuta, kubeba vikapu vizito vilivyojaa maji. Wiki inayofuata ni maji mafu, na kazi hupungua. Sasa mtu anayevujwa kwa msukumo wa kubeba mzigo atavujwa zaidi wakati wa bamvua. Ukimhoji bamvua na kumrudia baada ya siku saba, umemkuta maji mafu. Alama zitapishana, nawe utaandika kwamba dodoso si thabiti, kumbe dodoso limefanya kazi yake na kilichobadilika ni bahari. Rudi baada ya siku 14 au 15, utamkuta katika hali ileile ya maji. Ni kweli kwamba dodoso linauliza kuhusu wiki nne zilizopita, ambazo zina bamvua mbili, na kwa nadharia majibu yangesawazika. Lakini mtu hukumbuka zaidi mambo ya juzi na jana. Mwezi wa Ramadhani nao uuepuke katika hatua hii, kwani saa za kunywa maji hubadilika na kibofu kinajua.

Baada ya uthabiti tunarudi kwenye uhalali, safari hii kwa namba. Njia moja ni kulinganisha alama na kitu kingine kinachopima jambo hilohilo, kama pedi tuliyoiona au shajara ya siku tatu ambamo mama huweka alama kila anapokwenda haja na kila anapovujwa. Njia nyingine ni makundi yanayojulikana: unatabiri mapema nani anapaswa kuwa na alama kubwa kuliko nani, kisha unaangalia. Kiswahili kimeshapitia njia hii. Mwaka 1999 zilichapishwa taarifa za toleo la Kiswahili la SF-36, dodoso la maswali 36 kuhusu afya kwa jumla, baada ya kujaribiwa kwa watu wazima zaidi ya 3,000 wa Dar es Salaam, na watafiti waliangalia kama alama zinapishana pale zinapotarajiwa kupishana, kwa mfano kati ya vijana na wazee, na kati ya wenye maradhi na wasio nayo. Kazi hiyo ni mfano mzuri wa kusoma ukianza fani hii. Kumbuka tu kwamba ushahidi una anwani. Uliokusanywa mjini Dar es Salaam haukuambii moja kwa moja kuhusu Kipatimu, ambako wengi husema Kimatumbi nyumbani, wala kuhusu vijiji vya Wamwera bara ya Lindi.

Utabiri wa makundi una mtego wake kwetu. Ni rahisi kuchukua wanawake wenye fistula upande mmoja na wasio na tatizo lolote upande wa pili, kisha kushangilia tofauti kubwa. Hata dodoso baya lingeitambua tofauti hiyo. Kazi ya maana ni kutofautisha wanaokaribiana: anayevujwa kidogo kila siku na anayevujwa sana mara moja kwa wiki, au mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa fistula, tundu likaziba, na bado mkojo unamvuja akikohoa. Hali hii ya pili ipo na inajulikana kwa wapasuaji, na ni rahisi kusahauliwa kwa kuwa jalada limeandikwa "amepona".

Jambo hilo linatupeleka kwenye tabaka la juu kabisa la ushahidi, linaloitwa wepesi wa kutambua mabadiliko. Tuseme mama amefundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yale yaliyoenezwa na daktari Arnold Kegel tangu mwaka 1948, na baada ya miezi mitatu alama yake imeshuka kutoka 12 hadi 9. Je, amepata nafuu, au ni kuyumba kwa kawaida kwa kipimo? Kujibu unahitaji kujua namba mbili: kipimo huyumba kwa alama ngapi pale hali isipobadilika, ambayo uliipata katika kurudia, na alama ngapi za kushuka ndizo ambazo akina mama wenyewe huzihesabu kuwa nafuu, ambayo huipati mpaka uwaulize. Ya pili inaweza kuwa tofauti Kilwa na ilivyo Bristol, na sioni sababu ya kuiazima kutoka huko.

Ukiwa tayari kuanza, omba kwanza ruhusa ya wenye dodoso, kwani wao hutunza orodha ya tafsiri na masharti yake, kisha kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Andaa pia njia ya rufaa kabla ya mahojiano ya kwanza, maana hakuna haki kumfanya mtu afunue siri kubwa hivi kisha umwache nayo. Mwenye fistula anaweza kupelekwa Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, yapata kilomita 300 kutoka Kilwa, ambayo mwaka 2009 ilianza kutumia M-Pesa kuwatumia nauli wagonjwa wa fistula wasio na uwezo. Chukua namba za simu za wahusika, hakikisha zinapokelewa, na panga vikao vyako vya kwanza wakati wa maji mafu, akina mama wanapokuwa nyumbani na wana nafasi ya kuzungumza nawe.